CC, CVT na "namba E": yanayowachanganya wanunuzi wa gari dogo la mtumba

Kila EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, swali lilelile huibuka kwenye magrupu ya WhatsApp na vijiwe vya mafundi: gari gani dogo halili mafuta? Majibu hayachelewi. Chukua Toyota Passo, CC zake elfu moja tu. Usiguse gari lenye gia boksi ya CVT, litakufilisi. Tafuta Toyota IST namba E, hiyo bado mpya. Kila jibu hapo lina punje ya ukweli, na kila moja limeshawatia watu hasara, kwa sababu linataja jambo moja na kunyamazia manne.

Tuyafungue maneno hayo moja moja. Jina la gari hukufikisha nusu ya njia tu. Nusu iliyobaki ni gia boksi ya aina gani iko chini ya boneti, injini imetiwa oili na maji gani miaka yote hiyo, na karatasi zinasema nini.

CC inasema nini, na nini haisemi

CC ni ujazo wa silinda zote za injini ukijumlishwa, yaani nafasi ambayo pistoni huifagia zikipanda na kushuka. Injini ya 1KR-FE iliyomo kwenye Passo nyingi na Toyota Vitz za 1.0, yaani za lita moja, ina CC 996: silinda tatu, CC 332 kila moja. IST za toleo la kwanza zilizojaa Dar es Salaam zina ama 2NZ-FE ya CC 1298 ama 1NZ-FE ya karibu CC 1500, zote za silinda nne. Namba hiyo inakuambia injini inaweza kumeza hewa na mafuta kiasi gani kwa mzunguko. Itazunguka mara ngapi mpaka ikufikishe unakokwenda, hilo halimo.

Katika foleni ya Mwenge au Ubungo, ambako gari linasogea hatua mbili na kusimama, injini ndogo inashinda bila ubishi, maana hata ikiwaka tu bila kwenda inatumia kidogo. Lakini lipakie gari hilohilo watu watano na mizigo, washa AC, kisha lipandishe mlima Kitonga. Ni kijana mwembamba aliyetwishwa gunia la mahindi: atafika, ila kwa kuhema. Mguu unakandamiza hadi chini, injini inalia, na ile tofauti ya mjini kati ya 1.0 na 1.3 inayeyuka. Anayekwenda kazini na kurudi akiwa peke yake, Passo au Vitz ya 1.0 inamfaa sana. Anayesafiri na familia kwenda Moshi, Iringa au Mbeya mara kwa mara, aangalie 1.3 au 1.5 na asione amepoteza.

CC 996 ina faida nyingine isiyohusu kituo cha mafuta. Gari linapoingizwa Tanzania, injini isiyozidi CC 1000 haitozwi ule ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini. Kutoka hapo hadi CC 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Juu yake upo ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa. Kabla hujamtumia pesa muuzaji wa Japani, weka aina ya gari na mwaka wake kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, mtandaoni. Wapo walionunua gari kwa bei ya kutupwa huko, kodi ikawasubiri bandarini kubwa kuliko gari lenyewe.

Namna ya kupima mafuta bila kudanganywa

Jaza tangi hadi bunduki ya pampu ijikate yenyewe. Rudisha trip, kile kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako angalau kilomita 200. Rudi kituo kilekile, jaza tena hadi ijikate, kisha gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Kilomita 286 kwa lita 22 ni kilomita 13 kwa lita. Kipimo cha "nilitia ya elfu ishirini nikazunguka wiki nzima" hakina maana, kwa kuwa bei hubadilika na mshale wa tangi haushuki kwa kipimo kimoja.

Zile kilomita 20 na ushee kwa lita zinazoandikwa kwenye matangazo zimetoka kwenye vipimo vya maabara vya Japani, 10·15 na baadaye JC08. Gari linazungushwa juu ya rola, hakuna foleni, AC imezimwa. Punguza theluthi moja au zaidi ndipo uipate hali ya Dar au Nairobi. Gari la 1.0 lililo zima likikupa kilomita 13 au 14 kwa lita katikati ya foleni, usilipeleke gereji kutafuta ugonjwa.

Sasa piga hesabu. Ukitembea kilomita 1,200 kwa mwezi, gari la kilomita 12 kwa lita linatumia lita 100, na la kilomita 15 kwa lita linatumia lita 80. Tofauti ni lita 20. Lita ikiwa shilingi 3,000, ni shilingi 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka. Si fedha ndogo. Lakini gia boksi ikifa mara moja, ukalipia nyingine ya mtumba, oili yake na kazi ya fundi, faida hiyo ya mwaka imekwisha na pengine ya mwaka unaofuata pia. Kwa hiyo gari lenye kula mafuta kidogo laweza kuwa ghali, na linalokula zaidi kidogo likawa nafuu.

Gia boksi: hapa ndipo pesa inapolala

Otomatiki ya kawaida ina gia zenye idadi, nne kwenye IST ya kwanza, na unazisikia zikibadilishana. CVT haina gia hizo. Ina puli mbili zinazotanuka na kujibana, na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Puli zikibadilika upana, mwendo unabadilika bila kituo. Ndiyo maana injini hubaki na mlio mmoja huku gari likiongeza kasi. Aliyezoea gia husikia mlio huo akadhani gia boksi inateleza, kumbe inafanya kazi yake. Kwa kuiacha injini izunguke pale inapotumia mafuta vizuri, CVT huokoa mafuta kweli.

Basi jina baya limetoka wapi? Kwenye oili, zaidi ya yote. Mkanda ule na puli hushikana kupitia utando mwembamba wa oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukitia ATF nyekundu ya gia boksi ya kawaida, mkanda unateleza, puli inachimbika, unga wa chuma unaingia kwenye vali, na baada ya muda gari linatetemeka likiondoka au linakataa kupanda mlima. Nissan Note ya E11 yenye CVT hutumia NS-2, Note ya E12 hutumia NS-3. Toyota wana CVTF TC na FE kulingana na gari. Honda wana zao. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti cha kupimia, na usikubali neno la "oili zote ni moja". Usikubali pia kwamba oili ya gia boksi ni ya maisha. Kwa joto na foleni zetu, kuibadilisha kila kilomita 40,000 ni busara kwa CVT na kwa otomatiki ya kawaida vilevile.

Ushauri mwingine wa vijiweni, "usiguse Vitz, ni CVT", unaanguka hapa, maana Vitz si gari moja. Vitz ya toleo la pili, ya 2005 hadi 2010, ikiwa ya 1.0 ina otomatiki ya gia nne, ya 1.3 inayovutwa na magurudumu ya mbele ina CVT. IST ya 2002 hadi 2007 ina gia nne, ila IST ya 1.5 ya toleo lililofuata, inayovutwa na magurudumu ya mbele, ina CVT. Passo ya 2004 hadi 2010 ina gia nne, iliyofuata ina CVT. Mazda Demio ya kuanzia 2014 ina otomatiki ya gia sita, wala si CVT, ingawa mara nyingi huwekwa kundi moja na Note.

Utajuaje umesimama mbele ya ipi? Fungua boneti utafute kibati cha gari, au kiangalie kwenye nguzo ya mlango. Kwenye Toyota kuna msimbo wa modeli: KSP90 ni Vitz ya 1.0 ya toleo la pili, SCP90 ni ya 1.3, NCP60 ni IST ya 1.3 na NCP61 ni ya 1.5. Chini yake kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kwa Vitz na IST, ikianza na U, kama U340E, ni otomatiki ya gia. Ikianza na K, kama K410, ni CVT. Dakika moja tu, na dalali hana la kuongeza.

Kwa msomaji wa Kenya hali iko tofauti kidogo. Kwa kuwa gari linaloingizwa huko halitakiwi kuzidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, Vitz na IST za zamani hazipatikani tena kutoka Japani. Zilizopo ni zile zilizokwisha kutumika nchini. Yanayoshuka Mombasa sasa ni mengi ya CVT, hivyo kujua oili yake na kuijaribu ikiwa moto si hiari.

Namba ya gari, mwaka wa gari

"Namba D" na "namba E" ni herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao cha Tanzania. Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa hapa. Haionyeshi liliundwa lini. IST iliyoundwa 2004, ikakaa Japani miaka mingi kisha ikaingia nchini, inaweza kuvaa namba E ikiwa na umri sawa na IST ya namba C. Tofauti ni kwamba moja imekula barabara za Japani muda mrefu zaidi, na hilo lina thamani kwa shokapu na bushi. Lakini mpira, plastiki na waya huzeeka popote gari lilipo. Mwaka wa kuundwa usome kwenye kadi, kisha uthibitishe kwa namba ya chesesi.

Kilomita za dashibodi nazo zisikutulize. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye kifaa. Kama gari limeingia karibuni, omba cheti cha kuuzwa nje cha Japani. Mara nyingi kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Omba na karatasi ya mnada. Humo gari hupewa daraja, mathalani 4 au 3.5, na herufi R au RA ni alama ya gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni sehemu iliyobadilishwa.

Gari lililokwisha kutumika hapa nchini halina karatasi hizo mkononi, basi lisome lenyewe. Raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja, kiti cha dereva kilichobonyea, usukani unaong'aa na viti vya nyuma vilivyochoka kuliko cha mbele kushoto: hilo limefanya teksi ya mtandaoni, na kilomita 70,000 zilizoandikwa si zake. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Ukiona mstari wa tope au ukungu kwenye sehemu isiyotoka kila siku, gari limewahi kuingia mafurikoni. Liache hata wakikupunguzia nusu ya bei, maana kutu ya kwenye wiringi haina mwisho.

Themostati na taa ya bluu

Injini nyingi hufa hapa, na zinauawa kwa nia njema. Themostati ni vali ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa nyuzi takriban 82 kwenye magari mengi madogo ya Toyota. Wapo mafundi wanaoing'oa wakisema nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Matokeo yake maji huzunguka muda wote, injini haifiki joto lake, kompyuta ya gari inaona bado ni baridi na kuendelea kumwaga mafuta mengi. Mwenye gari analalamika Vitz yake inakula kama gari la CC 2000, anabadilishiwa plagi na kusafishiwa nozeli, na kinachokosekana ni kifaa cha bei ndogo alichoondolewa.

Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi na nyekundu inayowaka ikichemka. Gari likiwashwa asubuhi, taa ya bluu inatakiwa kuzima baada ya dakika chache za kuendesha. Ikiwa umetembea dakika kumi na bado inawaka, themostati imeng'olewa au imekwama wazi. Kama imeng'olewa, jiulize kwa nini: mara nyingi gari lilikuwa linachemsha, na badala ya kutafutwa rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au gasketi iliyoungua, dalili ikafichwa. Nyekundu nayo ikiwaka, zima gari hapohapo pembeni. Hedi ya injini hizi ni ya alumini. Ikipinda, gasketi haikai tena.

Maji ya bomba ni ndugu wa tatizo hilo. Yanaleta kutu na magamba. Kulanti, hata ile ya bei ya kati, ina dawa ya kuzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka.

Siku ya kuliona gari

Panga asubuhi na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie wakati wa kuwasha. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta: maji yawe ya rangi ya kulanti, yasiwe ya kutu, yasiwe na mafuta juu. Fungua kifuniko cha oili ya injini na uangalie chini yake. Utando wa rangi ya chai ya maziwa ni ishara kwamba maji yameingia kwenye oili.

Weka swichi kwenye ON bila kuwasha. Taa ya injini, ya breki na ya mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizime gari likishawashwa na breki ya mkono ikiachiwa. Taa ya injini isiyowaka kabisa hapo inatisha kuliko inayowaka, kwa kuwa huenda imekatwa. Washa sasa, mtu mwingine akiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi. Mweusi ni mafuta yaliyozidi. Injini ya silinda tatu hutetemeka kidogo ikisimama, hilo ni umbile lake. Mtikisiko wa kutingisha usukani ni maunti za injini zilizochoka au koili inayokosa moto.

Endesha nusu saa kamili, kwa sababu gia boksi mbovu huficha ugonjwa ikiwa baridi. Kutoka N kwenda D na kwenda R, gari lijibu ndani ya sekunde moja bila kupiga kishindo. Tafuta mlima, simama katikati, ondoka taratibu. Sikiliza CVT kati ya mwendo wa kilomita 10 na 40 kwa saa. Mtetemo au mluzi unaokua kadiri gari linavyopata moto ni gharama kubwa inayokuja. Kata usukani hadi mwisho na uzungushe gari polepole kila upande: mlio wa "tak-tak-tak" ni ekseli za mbele. Mlio wa kugonga kwenye matuta mara nyingi ni bushi, linki za stabilaiza au shokapu, vitu vinavyopatikana kirahisi Gerezani Kariakoo. Tumia hizo kupunguza bei, usikimbie gari kwa ajili yake.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha kwetu. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyowekwa kwenye magari mengi ya Japani yakiwemo Vitz za toleo la pili na Honda Fit, iliitwa kurekebishwa kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifumuka huweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Chukua namba ya chesesi, iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kuangalia magari yaliyoitwa, au ipeleke kwa wakala wake rasmi, ujue kama gari hilo lilishabadilishiwa.

Karatasi hazihitaji maneno mengi. Namba ya chesesi kwenye chuma, kwenye kibati na kwenye kadi ziwe moja. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani na bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na uhamisho ufanyike TRA kabla ya malipo ya mwisho.

Baada ya kulinunua, weka akiba ya huduma ya kwanza bila kujali muuzaji amekuambia nini: oili ya injini na filta, oili ya gia boksi, kulanti, themostati, plagi na filta ya hewa. 1NZ-FE huchukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha. 1KR-FE huchukua lita 3 na kidogo. Usimwachie fundi ajaze galoni nzima, oili iliyozidi nayo huharibu. Kisha pima kijiti kila wiki kwa mwezi wa kwanza, gari likiwa baridi na mahali tambarare. Ikipungua kidogo sana, ongeza na uendelee. Ikipungua lita nzima kwa kilomita 1,000 na hakuna panapovuja, ringi za pistoni zimechoka, na hapo zungumza na fundi kuhusu kufungua injini au kutafuta nyingine kabla hujaingia kwenye safari ndefu.